Mikono ya Mwantumu Ndani ya Kaburi la Mfalme

Kilima kile si kilima. Ni udongo uliobebwa na watu kwa vikapu, wakaurundika juu ya maiti ya mtu mmoja, wakaushindilia mpaka ukapita urefu wa bomba la moshi la kiwanda chetu cha mkonge kule Muheza. Leo kimeota mikomamanga, na ukikitazama kwa mbali utadhani Mungu ndiye aliyekiweka pale. Bwana Mntambo alinieleza habari hiyo kwa fahari, kama vile kikapu cha kwanza alikibeba yeye.

"Maelfu ya watu, mzee wangu. Miaka thelathini na kitu wanajenga tu."

"Na wao walizikwa wapi?"

"Akina nani?"

"Waliobeba."

Akacheka kicheko chake cha ofisini. "Mzee Mbaruku, leo umeanza mapema. Twende, tunasubiriwa."

Tulikuwa tumeteremka garini mwanzo wa barabara ya mawe inayokwenda hadi mlangoni pa kaburi. Kushoto na kulia wamesimama wanyama wa kuchongwa: farasi, ngamia, na mnyama mwingine mwenye mabawa ambaye sikumjua. Baada ya wanyama wanafuata mawaziri, mawe vilevile, warefu mara mbili yangu, kila mmoja kaficha viganja ndani ya mikono ya joho lake. Nilisimama mbele ya mmoja nikamtazama sana. Miaka elfu na zaidi yuko kazini na mkono hajautoa. Wakubwa ni walewale, nikasema moyoni, wa mawe na wa nyama.

Mntambo naye alikuwa katia mikono mfukoni. Miaka mitatu nyuma alikuwa msimamizi wa zamu kwenye Ukumbi wa Tanga, shati la mikono mifupi na filimbi shingoni. Sasa ni Ofisa Uhusiano, suti rangi ya majivu. Alipandishwa cheo mwezi wa nne baada ya mke wangu kuangukia kwenye kiti cha zamu yake.

"Ulilala vizuri hotelini?" akaniuliza.

"Nililala. Ila hukuniambia kibla kiko wapi."

Kweli hakuniambia. Alfajiri nilikuwa nimeshatandika msala kuelekea kaskazini, kama nyumbani, nimeinua mikono, ndipo nikakumbuka niko wapi. Ikabidi niteremke kwa ngazi na kofia yangu kichwani nikamuulize mama wa mapokezi kwa ishara. Akaninyooshea upande wa machweo. Kule kwao Makka iko magharibi. Mntambo ni Mwislamu kama mimi, na China amekwenda mara tisa.

"Samahani, mzee wangu. Nilisahau."

"Ndiyo. Huwa unasahau."

Sikwenda China kutalii. Nilikwenda kwa sababu walikuwa wanakitaka kidole changu gumba.

*

Nieleze, maana hata mimi nilieleweshwa nikiwa nimeshachelewa.

Ndani ya kaburi lile kuna zebaki. Mfalme aliamuru atengenezewe mito ya zebaki, ili hata akifa asikose mito, na mvuke wake ukimwingia mtu unamla mapafu na akili. Kwa hiyo haingii mtu. Inaingia mashine yenye miguu sita na mikono miwili. Akina mama wa Ukumbini waliiita Kaa, na jina likakaa. Vidole vya Kaa ni kama vyetu, na vinahisi. Mtu anakaa Ukumbini Tanga, barabara ya kwenda Pongwe, kavaa glavu na kofia, anagusa chungu kilicho China, na ubaridi wa chungu anausikia kwenye ngozi yake.

Kampuni ya Mikono ya Mbali ilipokuja kutafuta wafanyakazi haikutaka vyeti. Ilitaka wasuka ukili wa mikeka. Waliwapa akina mama nyuzi za hariri wasuke wakiwa wamefungwa macho. Mke wangu Mwantumu alisuka mpaka mwisho, halafu akawaambia uzi wao una fundo, wautazame. Walitazama kwa lenzi wakalikuta. Kesho yake akaitwa.

Mimi nilikuwa mkata mkonge. Shule niliishia darasa la nne. Jina langu naandika, gazeti nasoma yale maandishi makubwa ya juu, basi. Mwantumu ndiye aliyekuwa akinisomea barua, na akifika penye maneno ya serikali anaguna kwanza.

Alikuwa pia na kazi nyingine isiyo na mshahara. Kwetu mtaa wa Mabawa akifa mwanamke, aliitwa yeye kuosha. Mwaka wa mafuriko uliletwa mwili wa mama asiyejulikana, hana jina, dini yake haijulikani, wanaume wanabishana uani nani amzike na vipi. Mwantumu akawaambia, "Nyinyi bishaneni. Mimi nabandika maji." Akamwosha, akamvika sanda, na ubishi ukaishia hapo. Alikuwa na tabia moja: kila kabla ya kugusa kitu cha heshima, kama maiti au msahafu, au mtoto mchanga wa jirani, anafuta ncha za vidole pajani, mara mbili, hata kama mikono ni mikavu. Khanga zake zote zilichakaa mahali pamoja.

Siku aliyoanguka alikuwa ameshika kisanduku. Cha mbao nyembamba, kimepakwa utomvu mwekundu, chepesi kama ganda la yai. Kichwa kilianza kumuuma saa mbili asubuhi. Alisema. Waliokaa jirani yake wote wamenithibitishia kwamba alisema. Lakini kisanduku kilikuwa hewani, na ukimvua mtu glavu wakati ameshika kitu, vidole vya Kaa vinafunguka. Ndivyo walivyoitengeneza. Wahandisi wote wale na kompyuta zote zile, hakuna aliyefikiri kwamba aliyeshika anaweza kuugua. Mama mmoja aliinuka amvue kofia. Mntambo akapuliza filimbi, akasema maneno mawili ninayoyajua kuliko jina la babu yangu.

"Usimkate. Ameshika."

Alikaa hivyo mpaka saa nane mchana. Kisanduku hakikugusa chini. Kaa wa pili alipofika kukipokea, Mwantumu alikuwa hamjui mtu. Hospitali walisema mshipa umepasuka kichwani, na kama angeletwa asubuhi.

Kama angeletwa asubuhi. Wanasema hivyo, halafu wanageukia mgonjwa mwingine.

Alikufa alfajiri ya Ijumaa. Kwetu maiti haikai. Nilitaka azikwe baada ya sala ya Ijumaa, kaburi linachimbwa, sanda imekatwa, watu wamejaa nyumbani, na mwili bado umezuiliwa kwa sababu kaangukia kazini na kampuni lazima iidhinishe. Mntambo akaja na kibao chake cha kioo. "Weka kidole hapa, mzee wangu, tumtoe. Na hapa. Na hapa." Nikaweka mahali saba. Ningeuliza kimeandikwa nini saa ngapi, na jeneza la msikiti liko mlangoni? Nilimzika kwa wakati. Nikajisifu kwamba angalau sikumchelewesha.

Kumbe alama ya tano ya kidole ilitoa mikono yake.

Si ile niliyoizika. Kila alichokifanya ndani ya glavu kwa miaka sita kilikuwa kimehifadhiwa: mkono unavyosita, unavyopima uzito, unavyolijua fundo gizani. Kampuni ikakitia ndani ya Kaa kiendelee chenyewe bila mtu. Wanakiita kivuli. Kivuli hakilali wala hakiumwi kichwa. Miaka miwili nilikuwa nakwenda kusafisha kaburi lake Mabawa, napalilia, na Mwantumu yuko zamu. Aliyeniambia ni yule mama aliyetaka kumvua kofia. Alikuwa ametazama picha za kaburini Ukumbini, akaona Kaa anafuta vidole kwenye mguu wake.

Ruhusa niliyoitoa ilikuwa ya miaka mitatu. Ilikuwa inakwisha siku hiyo, saa kumi alasiri kwa saa za kule. Sheria yao inataka mrithi aje aweke kidole mbele ya mashine yenyewe, ajiridhishe kwa macho. Akikataa, kivuli kinazimwa palepale na kufutwa.

Nilipanda ndege nimeshaamua. Nitafika, nitakunja ngumi, nitawatazama usoni.

*

Chumba cha kutazamia kiko chini ya kilima, unateremka kwa lifti mpaka masikio yanaziba. Tulimkuta mhandisi mmoja, mama wa umri wangu, nywele fupi za mvi, chupa ya chai mezani. Anaitwa Shen. Nilipewa kidude cha kutia sikioni kinachotafsiri. Yeye anasema Kichina, mimi nasikia Kiswahili cha msoma taarifa wa redio.

Alinimiminia chai kabla ya kusema lolote. Halafu akasema, "Pole kwa msiba wako."

Miaka mitatu. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa kampuni kunipa pole bila kibao mkononi.

Ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo. Akakiwasha, na nikaona ndani ya kaburi. Ukumbi wa mawe, dari imechorwa nyota. Chini mfereji wa zebaki, mweupe, mzito, hautikisiki. Ng'ambo ya mfereji mlango wa jiwe, na mbele ya mlango huo amechuchumaa Kaa, mgongo wake kwetu.

"Yule?" nikauliza.

"Yule," akasema Shen.

Kaa akanyanyua mikono. Akaifuta kwenye mguu wake wa mbele, mara mbili, chuma juu ya chuma. Rangi ya mguu pale ilikuwa imekwisha, chuma kinang'aa.

Niliweka kikombe chini.

Sitaki kusema nilichokisikia. Nimekata mkonge miaka thelathini na moja, miiba imeniingia mpaka mfupani, sikuwahi kupiga kelele, na pale sikupiga. Nilimtazama tu akifanya kazi. Alikuwa anachukua kitambaa cheupe, kile cha kufungia vyungu visivunjike, anakikunja. Mkunjo wa kwanza mrefu, wa pili mfupi, anausawazisha kwa ubavu wa kiganja. Mkunjo ule nimelala sebuleni kwangu nikiusikia kupitia ukuta mara ngapi, maiti ya mtu ikiwa chumba cha pili.

"Anafanya nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

Mntambo akawahi kujibu. "Hiyo ndiyo kasoro ndogo tuliyokwambia, mzee wangu. Inarekebishika."

"Hukuniambia kasoro."

"Imo kwenye fomu."

Shen akakohoa. "Tulipoingia ukumbi huu kwa shimo la pembeni tulikuta mifupa," akasema. "Watu kumi na tisa. Ni mafundi. Walijenga mitego na milango, walijua siri zote, kwa hiyo mfalme alipozikwa, mlango ulifungwa wakiwa bado ndani. Kazi ya Kaa ni kupita pale kwenda ghalani kutoa vyombo. Mifupa si kazi yake. Lakini miezi minne sasa, kila akimaliza alichoagizwa, anarudi hapo. Tukimwita anakuja. Tukimwachia anarudi. Amewalaza kumi na wanane."

"Nionyeshe."

Akasogeza picha. Pembeni ya ukuta niliwaona. Kila mmoja kafungwa kitambaa cheupe, kichwani na miguuni na katikati, na fundo ni la Mwantumu, lile linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Wamepangwa mstari mmoja, kila mtu ubavu wa kulia.

Wale hawakuwa Waislamu. Walikufa kabla ya Mtume kuzaliwa. Lakini Mwantumu hakuwahi kuiuliza maiti hilo.

Nikawatazama tena, kitu kikanisumbua, nikashindwa kukishika. Halafu nikakumbuka msala wangu wa alfajiri.

"Injinia," nikasema. "Mlango ule wa jiwe unatazama wapi?"

"Kusini."

Nikahesabu kwa mkono wangu hewani. Vichwa kaskazini, miguu kusini, ubavu wa kulia chini. Nyuso magharibi.

"Nani amemwambia?" nikauliza.

"Amemwambia nini?"

"Kibla. Kwetu Tanga maiti inatazama kaskazini. Maisha yake yote, kila aliyemwosha alijua anakwenda kulazwa kaskazini. Hakuwahi kutoka Tanga hata kwenda Dar es Salaam. Kama mnayoyasema ni kweli, kama ni mazoea tu ya mikono, hawa wangetazama kaskazini. Mimi mwenyewe leo asubuhi nilitaka kukosea. Yeye hakukosea."

Kidude cha sikioni mwake kilimtafsiria. Shen akaigeukia picha.

"Kaa anajua dira," akasema. "Kila mashine inajua iko wapi duniani."

"Kujua uko wapi ni jambo moja. Kukumbuka kwamba ukiwa huko lazima ugeuke ni jambo la mtu."

"Nimeandika hivyo," akasema Shen. "Si kwa habari ya kibla, hiyo sikuijua. Lakini nimeandika ripoti tatu kwamba hii haifanani na mazoea."

"Na ripoti zilijibiwa," akadakia Mntambo. "Jibu ni kasoro. Bodi imeamua."

"Ni yeye?" nikamuuliza Shen.

"Sijui. Miezi minne nimejaribu kujua na sijui."

Nikamwamini, kwa sababu wengine wote niliowahi kuwauliza swali katika kampuni ile walikuwa wanajua.

*

Mntambo akavuta kiti karibu yangu, akaweka kibao cha kioo juu ya meza, akashusha sauti. Ilikuwa saa nane na robo.

"Mzee wangu, tuzungumze kama watu wa nyumbani. Hii fomu ni ya miaka kumi. Usiku wa leo tutamsafisha. Ule ustadi wa kazi unabaki, haya mengine ya kuosha maiti yanaondoka. Haumwi wala hajui."

"Akisafishwa, atafuta vidole?"

Akamtazama Shen. Shen akatikisa kichwa kwamba hapana.

"Lakini sikiliza," akasema Mntambo. "Bodi imekufikiria. Tutakufungia kioo nyumbani kwako. Kila Ijumaa tunakuunganisha, saa nzima. Na glavu. Unavaa glavu, naye yuko upande wa pili. Utamshika mkono."

Huyu mtu alikuwa mjanja, sikatai. Miaka mitatu hakuna aliyenishika mkono ila wa kunipa rambirambi, na hao nao waliacha baada ya arobaini. Nilikitazama kidole changu. Kilikuwa kimekaa juu ya goti kama cha mtu mwingine. Kingekwenda chenyewe kwenye kile kibao kama nisingekitazama.

"Na nikikataa?"

"Ukisema hapana, anazimwa dakika ileile. Sheria." Akaonyesha ukutani kidogo kwa kidevu. "Na yule wa mwisho atabaki hivyohivyo alivyo."

Yule wa mwisho nilikuwa sijamwona vizuri. Alikuwa amejikunja chini ya mlango wa jiwe, mifupa ya vidole imesimama kwenye ufa wa chini, pale ambapo mlango unakutana na sakafu. Huyo hakufa haraka. Alikufa akitafuta hewa, au mwanga, au fundi mwenzake wa upande wa pili mwenye huruma. Mbele yake Kaa alikuwa ameshatandika kitambaa.

Basi hapo ndipo nilipokwama, na ngumi yangu niliyokuja nayo kutoka Tanga haikunisaidia kitu. Nikiweka kidole, usiku wanamkwangua, anabaki mtumwa wa miaka kumi asiyejua hata kufuta vidole, na mimi kila Ijumaa nashika glavu tupu. Nikisema hapana, namkata katikati ya kazi pekee aliyojichagulia mwenyewe ndani ya shimo lile, na namwacha mtu mlangoni.

"Kama sijajibu?" nikauliza.

"Vipi?"

"Mpaka saa kumi ana ruhusa?"

"Anayo," akasema Shen kabla ya Mntambo. "Na kwa sasa hana agizo jingine."

Nikaegemea kiti. "Nisomee," nikamwambia Mntambo.

"Nikusomee nini?"

"Hiyo fomu. Yote. Safari ile hukunisomea."

"Mzee wangu, hizi ni kurasa arobaini na moja."

"Mimi sina shule, bwana. Hesabu hiyo ni yako."

Akageuka kwa Shen kutafuta msaada. Shen akanywa chai yake. "Kifungu cha pili," akasema. "Mrithi asiyesoma asomewe mpaka aseme ameelewa. Tuliambiwa tukizingatie sana baada ya malalamiko."

Mntambo akasoma.

Sijawahi kufurahia kusomewa kitu kama siku ile, na hasira yangu yote ilikaa ndani ya furaha hiyo. Alisoma *kwa kuwa* na *ilhali* na *bila kuathiri yaliyotangulia*. Kila alipoanza kukimbia nilimwambia, "Rudia hapo." Alipofika kifungu kinachosema kampuni haitawajibika kwa maumivu ya aina yoyote, nikamwambia anieleze maana ya *maumivu*. Alieleza. Nikamwambia sijaelewa. Jasho lilimtoka kwenye suti, na chumba kilikuwa baridi.

"Unanifanyia kusudi," akasema.

"Soma, bwana. Mimi si niko tu. Leo sina jeneza mlangoni."

Nyuma ya sauti yake, kwenye kioo, Mwantumu alikuwa kazini. Sitamwita Kaa tena. Alikuwa anamfungua yule fundi vidole kutoka kwenye ufa wa mlango, mfupa mmoja mmoja, anapuliza vumbi kwa kile kipulizio cha mashine, anauweka juu ya kitambaa mahali pake. Hakuharakisha. Alianza na mkono wa kulia, inavyopasa. Alipofika kwenye mbavu alisita, akapima, akabadili mshiko. Shen alikuwa ameuelekea ule ukuta wa kioo, mikono yake miwili imekaa mezani wazi. Nililiona hilo kwa sababu ya wale mawaziri wa mawe.

Ukurasa wa ishirini. Ukurasa wa thelathini. Saa kumi kasoro dakika mbili Mntambo alikuwa amekauka koo. Alifunga kibao kwa nguvu.

"Umeelewa?"

"Bado kidogo."

"Mzee Mbaruku. Weka kidole au useme hapana. Mimi nina wakubwa wangu wanasubiri juu."

"Nawajua. Wana mikono kwenye majoho."

Hakujua nasema nini.

Kengele ndogo ikalia ukutani. Saa kumi.

Mwantumu alikuwa amebakiza kichwa. Alikuwa amekinyanyua kwa viganja viwili, hewani, kati ya mlango na kitambaa, anakigeuza taratibu autafute upande wa uso. Fuvu la zamani vile lingeanguka kwenye jiwe lingekuwa unga.

"Muda umekwisha," akasema Mntambo kwa Kichina chake, na kidude kikanitafsiria. "Hakuna ruhusa. Zima."

Shen akaweka mkono kwenye swichi. Ilikuwa nyekundu, ina kifuniko cha kioo. Akakifungua. Akanitazama.

Nikasikia sauti yangu kabla sijaijua.

"Usimkate," nikasema. "Ameshika."

Mntambo alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. Nilimwona anayatambua maneno, nilimwona yanamfikia, kutoka Ukumbini Tanga mpaka chini ya kilima kile. Maneno aliyoyatumia kumwua mke wangu yalikuwa yametoka kinywani mwangu, na mimi nilikuwa nayamaanisha. Mdomo wangu ulikuwa mchungu kama nimelamba utomvu wa mkonge.

"Ni kinyume cha sheria," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Dakika hata moja."

"Ulisubiri kutwa nzima kwa ajili ya kisanduku."

Shen aliondoa mkono kwenye swichi akashika kikombe chake.

Mwantumu akakilaza kichwa. Uso magharibi. Akaweka kijitonge cha udongo chini ya shavu, kama tunavyofanya, akavuta kitambaa, akafunga kichwani, akafunga miguuni, na katikati akafunga lile fundo lake. Akarudisha mikono. Akakaa mbele ya wale kumi na tisa, na hakwenda ghalani. Akafuta ncha za vidole kwenye mguu wake, mara mbili. Hilo lilikuwa jipya. Zamani alifuta kabla, hakuwahi kufuta baada.

"Mzee wangu," akasema Mntambo, na safari hii alikuwa ananisihi. "Mfumo bado unapokea. Kidole tu. Utamshika mkono kila Ijumaa. Fikiria."

Nilifikiria. Naapa nilifikiria. Mikono ile ilikuwa pale kwenye kioo, mikubwa kuliko ya kweli, imetulia magotini, na ningeweza kuijua kati ya mikono yote ya duniani.

Nikakunja kidole gumba ndani ya ngumi.

"Hana kitu mkononi sasa," nikamwambia Shen. "Mwachie."

Akabonyeza. Vidole vya Kaa vikafunguka, kama vinavyofunguka siku zote, na hakikuanguka kitu.